Friza inagandisha lakini chumba cha chini cha jokofu hakipoi: nibadilishe spea gani?

Mkaazi wa Tabata

Habari zenu ndugu zangu. Ninaomba msaada wa mawazo kuhusu jokofu letu la nyumbani, ambalo ni la milango miwili, friza ikiwa juu, la ile aina isiyojenga barafu kwenye kuta zake. Tumelitumia kwa miaka saba bila kuliitia fundi hata mara moja. Tangu mwezi uliopita chumba cha chini hakipoi: maziwa yanachacha siku ya pili, mboga za majani zinanyauka, na maji ya kunywa yanatoka na ubaridi usiozidi ule wa maji ya mtungini. Friza bado inagandisha nyama, ingawa si kwa nguvu ya zamani, na kompresa inaunguruma mchana na usiku bila kupumzika, kiasi kwamba hata uniti za LUKU zinakwisha mapema kuliko tulivyozoea.

Nilimwita fundi wa mtaani, akagusa mabomba ya nyuma na kusema gesi imeisha. Alilipeleka jokofu kwenye karakana yake, likakaa huko siku mbili likiwa limezimwa, kisha akalirudisha akisema ameongeza gesi. Kweli lilipoa vizuri, tukafurahi, lakini baada ya siku sita hali ikarudi ile ile. Nilipompigia simu akasema kwamba basi tatizo ni themostati. Niliinunua Kariakoo na kuifunga mwenyewe, kwa kuwa ilikuwa ni kazi ya skrubu mbili na waya chache, lakini hakuna kilichobadilika. Nimeshatoa fedha mara mbili kwa ugonjwa mmoja, na sitaki kununua spea ya tatu kwa kubahatisha.

Ninayo multimita ya kawaida, bisibisi za aina zote na koleo, na ninajua kupima waya uliokatika. Je, kazi hii inamfaa mtu ambaye si fundi kwa taaluma, na nianzie wapi?

Fundi wa Ngamiani

Ndugu Mkaazi wa Tabata, pole kwa gharama. Nimefanya kazi ya majokofu hapa Tanga kwa miaka mingi, na katika maelezo yako kuna jambo moja ambalo limenipa jibu zaidi ya mengine yote: jokofu lilikaa siku mbili limezimwa, likapoa vizuri kwa siku sita, kisha likarudia. Gesi ya jokofu haitumiki ikaisha kama gesi ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua ni kwa sababu kuna mahali inavuja. Nionavyo mimi, kilicholiponya jokofu lako kwa siku sita hakikuwa ile gesi iliyoongezwa. Ni zile siku mbili za kuzimwa, ambazo ziliyeyusha barafu iliyokuwa imejificha mahali usipopaona.

Katika jokofu la aina hii koili inayotoa baridi haionekani, kwa kuwa imewekwa nyuma ya kibao cha plastiki kilichopo ukutani mwa friza. Feni ndogo inavuta hewa kupitia katikati ya koili hiyo, inaisukuma kwanza ndani ya friza, na sehemu yake inashuka kwa njia maalumu hadi chumba cha chini. Kila mara mlango unapofunguliwa, hewa yetu ya pwani yenye unyevu inaingia, na unyevu huo unageuka kuwa sakitu juu ya koili. Ndiyo maana kuna taima ambayo, baada ya kompresa kufanya kazi kwa saa 6 hadi 12 kulingana na muundo, huzima kompresa na feni na kuwasha hita iliyo chini ya koili kwa muda wa dakika 20 hadi 30 hivi. Sakitu inayeyuka, maji yanapita kwenye tundu na kushuka hadi bakuli lililo juu ya kompresa, na joto la kompresa linayakausha. Kazi hiyo ikishindikana, sakitu inarundikana siku hadi siku mpaka koili yote inakuwa ukuta mweupe, na hewa haipiti tena. Chumba cha chini ndicho kinachoumia kwanza, kwa sababu kinategemea hewa inayosukumwa kutoka juu.

Vitu vinavyohusika ni vinne, na kila kimoja kinapimika kwa hiyo mita yako: hita, fyuzi ya joto, yaani ile inayokatika joto likizidi, bimetali na taima. Bimetali ni kile kidude cha mviringo kinachobanwa kwenye bomba la koili. Kazi yake ni kuruhusu umeme ufike kwenye hita wakati koili ni ya baridi kali, na kuukata koili inapopata joto la nyuzi chache juu ya sifuri. Majokofu mapya zaidi hayana taima, bali yana bodi ya elektroniki na kihisi cha joto, kwa hiyo angalia mchoro wa umeme uliobandikwa mgongoni mwa jokofu lako kabla hujaanza.

Chomoa plagi ukutani. Usitegemee swichi pekee. Toa vyakula vyote na uache milango wazi kwa saa 24, huku umetandaza matambara sakafuni. Ukitaka kuharakisha, weka sufuria ya maji ya moto ndani ya friza na kufunga mlango, ukiyabadilisha yakipoa. Ninakusihi usichokonoe barafu kwa kisu wala bisibisi. Nimeletewa majokofu mengi yaliyotobolewa namna hiyo, kwa sababu bomba la koili ni la alumini laini, na tundu dogo kama ncha ya sindano linatosha kutoa gesi yote, na hapo kazi ya spea ya bei ndogo inageuka kuwa kazi ya kutafuta jokofu jingine. Vivyo hivyo, usikivute kibao cha nyuma kikiwa bado kimeshikwa na barafu, kwani plastiki yenye baridi inapasuka kama kaki. Skrubu zake mara nyingi zimefichwa chini ya vifuniko vidogo vya plastiki, ambavyo vinang'oka kwa ncha ya bisibisi bapa. Vaa glavu, maana mapezi ya koili yanakata vidole.

Ukishafungua, tenganisha soketi ya waya na upime kila kitu peke yake. Usipime kwa pamoja, usipime jokofu likiwa kwenye umeme, na usinunue chochote kabla mita haijasema.

Mama Wawili, Mwanza

Shikamoo fundi, na asante kwa maelezo ambayo ningeyahitaji sana mwaka juzi. Kaka wa Tabata, mimi si fundi, ninauza samaki na jokofu ndiyo ofisi yangu, kwa hiyo lilipopata tatizo kama lako nililazimika kujifunza. Ninataka kukuongezea jambo moja tu, ili usirudie kosa langu.

Nilipotoa ile bimetali niliipima nikiwa nimekaa barazani, mchana, na mita haikuonyesha chochote, kana kwamba waya umekatika ndani. Niliamini imekufa, nikaitupa na kununua nyingine. Niliyoinunua nayo nilipoipima dukani haikuonyesha chochote, nikamlalamikia muuzaji kwamba ananiuzia kitu kibovu. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa pale akanieleza kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa: katika joto la kawaida bimetali nzima inakuwa imekata, na inaunga tu ikipata baridi ya chini ya sifuri. Ile niliyoitupa pengine ilikuwa nzima kabisa.

Namna ya kuipima ni hii. Ponda barafu, changanya na chumvi nyingi ya kupikia kwenye kikombe, kwa sababu barafu yenye chumvi inashuka kufikia nyuzi 10 na zaidi chini ya sifuri, wakati barafu tupu inaishia sifuri. Funga bimetali ndani ya mfuko wa plastiki ili isilowe, izamishe humo kwa dakika 15, waya zake zikiwa nje, na upime. Mita ikilia imeunga. Kisha itoe, iache ipate joto taratibu, na usikilize: inatoa mlio mdogo kama kucha inapogonga meza, na mita inanyamaza. Ikifanya yote mawili ni nzima. Katika jokofu langu kilichokufa kilikuwa hita, ambayo waya wake wa ndani ulikuwa umekatika, nami nilikuwa nimeiacha hadi mwisho kwa sababu ilionekana safi machoni.

Mkaazi wa Tabata

Ninawashukuru wote wawili. Nimefanya kama mlivyoelekeza, na fundi, ulikuwa sahihi kuhusu barafu. Kabla ya kuyeyusha nilichungulia kwenye nafasi za kibao cha nyuma kwa tochi ya simu, nikaona weupe mtupu, na feni ilikuwa inasugua barafu kwa ukingo mmoja. Ilichukua zaidi ya saa 20 hadi kibao kikaachia.

Haya ndiyo niliyoyapata. Hita ina maandishi ya wati 180, na mita imesoma omu 290. Sijui kama hiyo ni nzuri au mbaya. Fyuzi ya joto haionyeshi chochote kabisa, nimeipima mara nne. Bimetali nimeiweka kwenye barafu na chumvi kama dada alivyosema, na mita imelia. Kwa hiyo ninaelewa kwamba hita na bimetali ni nzima, na kilichokufa ni fyuzi peke yake. Je, nikanunue fyuzi? Kuna jirani ananiambia niunge tu waya moja kwa moja bila fyuzi, kwamba mafundi wengi wanafanya hivyo na majokofu yanaendelea.

Fundi wa Ngamiani

Kwanza, usiunge moja kwa moja. Jirani yako amesema kweli kwamba wapo wanaofanya hivyo, lakini fyuzi ile ndiyo kitu cha mwisho kinachosimama kati ya hita na plastiki, povu na koili yenye gesi, na familia yako inalala nyumba moja na jokofu hilo.

Hita yako ni nzima. Hesabu yake ni rahisi: umeme wetu ni volti 230, ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata 52,900, gawanya kwa wati 180, unapata omu 294. Ulichosoma kinalingana. Ungesoma mita imenyamaza kabisa, au namba iliyo mbali sana na hiyo, ndipo tungeitilia shaka.

Sasa swali ambalo hujaniuliza, na ambalo ndilo muhimu: kwa nini fyuzi imekatika? Fyuzi ya aina hii inakatika mahali ilipo panapofikia joto la nyuzi 70 na kitu, na ndani ya friza hapatakiwi kufika hata robo ya joto hilo. Kuna kitu kiliiacha hita iwake bila kukatwa. Dada wa Mwanza alisema bimetali ipimwe mara mbili, ndani ya barafu na nje ya barafu, na wewe umenipa jibu la ndani peke yake. Ninakuomba uichukue sasa hivi, ikiwa imeshapata joto la chumbani, uipime tena. Mita ikinyamaza, ni nzima na fyuzi huenda imekufa kwa uzee. Mita ikiendelea kulia, umempata mhalifu.

Mkaazi wa Tabata

Fundi, mita inalia. Nimeiacha mezani tangu asubuhi, nimeishika kwenye kiganja, nimeiweka hata kwenye dirisha lenye jua, na bado inalia. Haikati kabisa. Nimeigeuza na kuona kwamba kifuniko chake cha plastiki upande wa chini kimevimba kidogo, na pembeni kuna ukungu wa maji kwa ndani.

Fundi wa Ngamiani

Basi hiyo ndiyo. Maji yaliingia, swichi ya ndani ikanasa ikiwa imeunga, hita ikawaka hadi mwisho wa zamu ya taima kila mara, joto likazidi, na fyuzi ikajitoa mhanga. Ungenunua fyuzi peke yake ingefanya kazi kwa muda fulani kisha nayo ingekatika, nawe ungesema spea za siku hizi ni mbovu.

Nunua vyote viwili. Kwa majokofu mengi vinauzwa vikiwa vimeungwa pamoja kwenye waya mmoja wenye soketi. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, pamoja na picha ya kibandiko cha namba ya modeli kilichopo ndani ya mlango au ubavuni. Linganisha nyuzi joto zilizoandikwa kwenye fyuzi, ampea zake, na umbo la kibanio cha bimetali, kwa sababu bimetali isiyobana vizuri kwenye bomba haihisi baridi ya koili bali inahisi hewa. Chukua na mita yako, upime fyuzi kabla hujalipa. Muuzaji mzuri hatachukia.

Ukipata soketi inayofanana utachomeka tu. Ikibidi kuunga waya, usichomelee kwa risasi karibu na fyuzi, maana joto la kuchomelea linapita kwenye waya na kuikata kabla hujaiwasha. Tumia vibano vya kuminya kwa koleo, kisha vika mirija ya plastiki inayosinyaa kwa joto, ile yenye gundi kwa ndani, ili unyevu usiingie tena kwenye maungio. Waya zielekee chini kidogo kutoka kwenye bimetali, ili maji yanayotiririka yaufuate waya na kudondoka badala ya kuingia ndani yake. Hilo ni jambo dogo, lakini ninaamini ndilo lililoiua ya kwanza.

Kabla ya kufunga kibao, mimina maji ya vuguvugu kwa bomba la sindano kwenye tundu la chini ya koili hadi uyasikie yakidondoka kwenye bakuli la nyuma. Tundu likiwa limeziba, maji yataganda hapo hapo na utaanza upya.

Mwana wa Likoni

Hamjambo. Naomba kuuliza hapa hapa kwa kuwa fundi yupo. Langu ni friji dogo la mlango mmoja. Tangu stima zilipokatika na kurudi mara tatu usiku mmoja, taa ya ndani inawaka lakini halipoi. Kwa nyuma linanguruma sekunde chache, kisha linatoa mlio wa "tak" na kunyamaza, na baada ya dakika kadhaa linarudia. Je, kompresa imekufa?

Fundi wa Ngamiani

Ndugu yangu wa Likoni, pengine haijafa, na usimruhusu mtu akuuzie kompresa kabla hujapima vitu vitatu. Ule mlio wa "tak" ni ovalodi, yaani kinga inayokata umeme kompresa inaposhindwa kuanza na kuvuta umeme mwingi.

Anza na umeme wenyewe. Pima soketi wakati friji linajaribu kuanza. Ikiwa volti zinaanguka chini sana ya 200, tatizo ni waya wa nyumba au umeme wa mtaa, na spea yoyote utakayofunga itaungua. Ikiwa umeme ni mzuri, chomoa plagi, fungua kile kifuniko kidogo kilicho ubavuni mwa kompresa, na uvute relei, yaani kile kidude kinachoisaidia kompresa kuanza, taratibu kwa kuinyoosha, bila kuipindapinda, ili usivunje pini. Itikise karibu na sikio. Ikichezacheza kama njugu ndani ya kopo, kile kigae kilichomo ndani kimepasuka, na mara nyingi utasikia na harufu ya kuungua. Relei nzima ikiwa ya baridi husoma omu chache hadi makumi kadhaa, na mara nyingi thamani yake imeandikwa juu yake. Ikiwa kuna kapasita, kile kidude kinachohifadhi umeme, itoe chaji kabla ya kuigusa.

Kisha pima pini tatu za kompresa. Kipimo kikubwa kati ya pini mbili kinapaswa kuwa sawa na jumla ya vile vipimo viwili vidogo. Kwa mfano ukipata omu 12 na omu 18, kikubwa kiwe 30. Pima pia kati ya kila pini na ganda la chuma la kompresa, mahali palipokwanguliwa rangi. Hapo mita isionyeshe chochote. Ikilia, kompresa imeungua na umeme unaingia kwenye ganda hilo, usiliwashe tena. Vipimo vikiwa sawa, nunua relei na ovalodi za thamani ile ile. Usikubali ovalodi kubwa zaidi kwa maelezo kwamba ni imara, kwa kuwa uimara wake utakuwa ni kuiacha kompresa iungue. Haya yote hayahusu majokofu ya inverta, yaani yenye kompresa inayobadilisha kasi, ambayo pini zake tatu husoma sawasawa na hayana relei hiyo. Yale yanaongozwa na bodi ya elektroniki.

Ukimaliza, funga kinga ya friji kwenye soketi, ile inayosubiri dakika 3 hadi 5 baada ya umeme kurudi. Kompresa inapozima, upande mmoja wa mabomba unabaki na msukumo mkubwa wa gesi, na ikilazimishwa kuanza kabla msukumo haujasawazika, inakwama. Usiku ule wa kukatika mara tatu ndio uliolimaliza.

Mwalimu wa Majokofu, Morogoro

Nimefuatilia mjadala huu kwa furaha, na ninaafiki kila alichosema fundi wa Tanga. Ninarudi kwa ndugu wa Tabata kuhusu ile gesi iliyoongezwa, kwa sababu imepita bila kuzungumzwa na mimi inanitia wasiwasi.

Angalia kibandiko cha kompresa. Ukiona R134a, ni gesi isiyowaka. Ukiona R600a pamoja na pembetatu ya njano yenye mwali wa moto, hiyo ni isobutani, ndugu wa gesi ya kupikia, nayo inawaka. Majokofu mengi ya nyumbani yanayotengenezwa sasa yanatumia R600a, na kiasi chake ni kidogo mno, mara nyingi gramu 40 hadi 70 kwa jokofu zima. Gesi hiyo hupimwa kwa mizani, si kwa kugusa bomba. Akiongeza mtu kwa makadirio juu ya mfumo ambao haukuwa umepungukiwa, kompresa inafanya kazi ngumu kuliko ilivyokusudiwa, na baya zaidi ni pale anapoongeza gesi ya aina nyingine juu ya iliyomo, jambo ambalo nimelikuta zaidi ya mara moja. Ishara mojawapo ya gesi iliyozidi ni sakitu au jasho jingi kwenye bomba linalorudi kwenye kompresa, kule nyuma.

Sehemu hiyo usiiguse mwenyewe. Hita, fyuzi, feni, relei, themostati, raba ya mlango, vyote hivyo mwenye nyumba makini anaweza kubadilisha. Lakini kukata bomba au kuchomelea mfumo wenye gesi inayowaka, ndani ya jiko, ni kazi ya mtu aliyesomea na mwenye vifaa vya kunyonya hewa na kupima. Hata R134a, ambayo haiwaki, haifai kuachiwa hewani: kilo moja yake inapasha dunia joto zaidi ya kilo elfu moja za hewa ukaa, na ndiyo maana mataifa yalikubaliana hapa jirani, mjini Kigali, Oktoba 2016, kupunguza matumizi ya gesi za jamii hiyo. Muulize aliyekujazia aliweka gesi gani na gramu ngapi. Akishindwa kujibu, mtafute fundi mwenye mizani aitoe yote na kupima upya, lakini baada ya kumaliza kazi yako ya umeme, usichanganye mambo mawili.

Mkaazi wa Tabata

Ninaleta mrejesho kama nilivyoahidi moyoni. Nilipata bimetali na fyuzi vikiwa kwenye waya mmoja, soketi yake ikaingia bila kuunga chochote. Duka la kwanza walinipa yenye kibanio kipana kuliko bomba langu. Bila maelezo ya fundi ningeichukua. Nilipima fyuzi mbele ya muuzaji, naye akanisaidia kushika waya. Mabomba ya nyuma hayana sakitu wala jasho, na kibandiko kinasema R134a. Aliyenijazia anasema aliweka R134a, ila gramu hakupima, kwa hiyo nimeshapanga na fundi mwenye mizani aje mwisho wa mwezi.

Tundu la maji lilikuwa limeziba kweli, kwa tope jeusi na kipande cha ganda la kitunguu ambacho sijui kilifikaje huko. Nilimimina maji ya vuguvugu mara tano kabla ya kusikia yakidondoka. Waya nimezielekeza chini.

Kipima joto nimekiweka ndani ya glasi ya maji katikati ya chumba cha chini. Asubuhi ya pili kilisoma nyuzi 4, na friza ikawa nyuzi 18 chini ya sifuri. Leo ni siku ya kumi na moja, siku tano zaidi ya mara iliyopita, na vipimo ni vile vile. Usiku wa kwanza sikulala vizuri kwa kusubiri. Saa nane nilisikia taima ikigonga, kompresa na feni vikanyamaza, nyumba nzima ikawa kimya. Nikachukua tochi nikaenda kupiga magoti nyuma ya jokofu, na baada ya kama robo saa maji yakaanza kudondoka kwenye bakuli, tone moja moja.